Zimwi la jicho moja halikutoka hewani

Mhariri,

Salamu kutoka Lamu. Ukurasa wenu wa watoto juzi ulikuwa na habari za Polyphemus, lile jitu la jicho moja la Wagiriki, mkamaliza eti Wagiriki walikaa tu wakajitungia. Mjukuu wangu alikuwa ananisomea, nikamwambia hebu ngoja hapo.

Nilipokuwa kijana tulikuwa tunavuka bara na marehemu baba, tukienda upande wa Witu. Siku moja tukakuta kichwa cha ndovu kichakani, mfupa mtupu, pembe zishang'olewa zamani. Katikati ya uso pana tundu moja kubwa, ngumi yangu ikaingia yote, na mahali pa macho wala hupaoni vizuri, pako pembeni huko. Nikauliza, baba, mnyama gani huyu ana jicho moja? Alicheka mpaka akakaa chini, akanambia hapo ndipo unapotokea mkonga we!

Sasa kumbe mwaka 1914 mtaalamu wa mifupa ya kale kutoka Austria, Othenio Abel, alisema mambo hayo hayo. Kisiwa cha Sicily, huko Italia, zamani sana kilikuwa na ndovu vibeti, wengine mita 1 tu hivi kwenda juu, yaani saizi ya punda wetu hawa, wakafa wote mifupa ikabaki mapangoni. Na Wagiriki wenyewe walikuwa wakisema majitu hayo makao yao Sicily. Baharia kashuka kutafuta maji, kaingia pangoni, kakutana na fuvu kubwa kuliko la mtu lina tundu moja katikati, na ndovu hajamuona tangu azaliwe, mlitaka afikiri nini?

Haki isemwe, Abel alikuwa anakisia, hakuna Mgiriki aliyeacha maandishi kwamba nimeliona fuvu nikadhani ni zimwi. Tena hadithi zenyewe hazipatani, Homer, mshairi wao wa kale, anasema Polyphemus ni mtoto wa Poseidon mungu wao wa bahari, mchunga kondoo anayekula watu, Hesiod naye, mshairi mwingine wa kale, anasema hao wa jicho moja walikuwa watatu, watoto wa mbingu na ardhi, mafundi waliomtengenezea Zeus, mkuu wa miungu yao, radi yake. Hao mafundi sijui mfupa gani uliwazaa.

Ila lile suala la picha mhariri nalo. Mmemchora jicho moja sawa, halafu mkamtia na pembe mbili kichwani, hizo mmezitoa wapi? Hata yule wa Witu tulimkuta hana.

Msomaji wenu,
Mkomani, Lamu