Barua kwa Baba: mzee wa sifuri nyeusi

Offenburg, Ujerumani
14 Januari 2024

Baba, shikamoo.

Huku wazima, ila baridi inakata masikio. Jumatatu nilichelewa kazini, wakulima wameziba barabara kwa matrekta. Serikali inataka kuwaondolea ruzuku ya dizeli kwa sababu bajeti imetoboka: Novemba Mahakama ya Katiba ilifuta euro bilioni 60. Kilikuwa kibali cha kukopa kwa ajili ya korona, wao wakakihamishia mfuko wa mazingira. Wewe ungewakamata siku ya kwanza ya ukaguzi.

Na mzee aliyesifika kwa kukataa mikopo tumetoka kumzika hapa mjini. Namsema Wolfgang Schäuble, mwanasiasa wa chama cha CDU, aliyefariki 26 Desemba. Bibi mmoja ninayemhudumia kwenye nyumba ya wazee anasema tangu 1972 kila uchaguzi anakuta jina lile lile kwenye karatasi ya kura. Mara 14 alishinda jimbo, miaka 51 bungeni. Mwaka 1990 alijadili mkataba wa kuunganisha Ujerumani mbili, na kabla Oktoba haijaisha akapigwa risasi kwenye mkutano wa kampeni Oppenau, jirani na hapa. Akabaki kwenye kiti cha magurudumu, lakini siasa hakuiacha.

Alianza kazi kama ofisa wa kodi, na nadhani hakuacha kuwa ofisa wa kodi. Alipokuwa Waziri wa Fedha, 2009 hadi 2017, alikataa kukopa kama wewe ulivyokuwa ukikataa pale ushirika. Mwaka 2014 serikali ikamaliza mwaka bila deni jipya, mara ya kwanza tangu 1969. Wanaiita sifuri nyeusi, kwa kuwa hasara huandikwa kwa wino mwekundu, kama kwenye leja yako. Siku anaondoka wizarani, wafanyakazi walivaa nguo nyeusi wakasimama uani wakaunda duara la sifuri. Nimeiona picha, nikacheka peke yangu.

Wagiriki wao usiwatajie jina lake. Mwaka 2015, walipozama kwenye madeni, aliwapendekezea watoke kwenye sarafu ya euro kwa muda.

Tena usidhani alikuwa malaika. Alipokea maki 100,000 (pesa ya huku kabla ya euro) taslimu za chama kutoka kwa mfanyabiashara wa silaha, na hazikuandikwa ipasavyo vitabuni. Mtu wa hesabu, Baba! Mwaka 2000 akapoteza uenyekiti wa chama, ukashikwa na Angela Merkel.

Yule bibi wa nyumba ya wazee anamsifu kwa kutowaachia wajukuu madeni. Mimi namheshimu, ila nikiwa kwenye basi tunazungushwa kwa sababu daraja limechoka na malori hayaruhusiwi, najiuliza kama hilo nalo si deni, ila halijaandikwa popote. Unakumbuka mwaka ule mlipokataa mkopo wa mashine ya kumenya kahawa? Leja ilikuwa safi kabisa, na kahawa ikaozea kwenye magunia.

Sasa nimesikia kwa Mama kwamba umekataa mkopo wa tanki la maji. Naomba uchukue fomu, nitakuwa mdhamini, na marejesho nitatuma kila tarehe 5. Risiti zote utunze wewe.

Msalimie Mama na majirani.

Mwanao