Wanaposema wanasikitika: barua kwa Baba

Leicester, Uingereza

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba umfikishie Mama na Shangazi shikamoo zao pia. Sisi huku tu wazima, ni baridi tu ndiyo inayotusumbua.

Ujumbe wako kuhusu barua aliyoipata mdogo wangu kutoka chuo kikuu cha huku, juu ya ombi lake la ufadhili, umenifikia, na picha ya barua yenyewe nimeisoma neno kwa neno. Umeniambia kwamba, kwa kuwa wameandika kuwa wanasikitika na tena wameusifu uwezo wake, unaona mlango haujafungwa, na kwamba umekwisha kuzungumza na mwalimu mkuu na chifu ili waandike barua za kumwombea. Nimeona nikujibu kwa maandishi, kwa sababu jambo hili lina maelezo marefu, na kwenye simu maelezo marefu hukatikakatika.

Baba, barua hiyo imekataa. Nalisema mwanzo kabisa, nisije nikakuacha ukitumaini mpaka ukurasa wa pili. Ufadhili amekosa, na hakuna barua ya chifu itakayougeuza uamuzi huo.

Kinachotatanisha ni namna Waingereza wanavyofikisha habari ya kuvunja moyo. Kwetu, mtu akikwambia kwa unyonge kwamba anasikitika, mara nyingi bado anabembelezeka. Ukirudi kwake na mzee anayeheshimika mkaketi mkazungumza, huenda jambo likapata njia. Huku masikitiko hutangulia habari ambayo imekwisha kuamuliwa, na anayeyatamka anakuomba uipokee kwa utulivu.

Itazame tena ile barua. Aya ya kwanza inamshukuru kwa kuomba. Ya pili inasema kwamba walioomba walikuwa wengi na wenye sifa za juu mno. Ndipo linakuja neno lenyewe: wanasikitika kumwarifu kwamba safari hii ombi lake halikufanikiwa. Angalia, Baba, kwamba katika maneno hayo hakuna mtu aliyekataa. Ombi ndilo lililoshindwa kufanikiwa, kana kwamba lilijikwaa lenyewe njiani, na kamati iliyoketi ikaamua haionekani popote. Wala hayo maneno ya "safari hii" si ahadi ya safari nyingine. Yamewekwa ili kupunguza makali. Sifa walizompa huenda ni za kweli, lakini kwa kawaida waombaji wote waliokosa hupelekewa barua hiyohiyo, jina tu likibadilishwa. Mwishoni wanamtakia kila la heri katika masomo yake, na hiyo ndiyo kwaheri.

Desturi hii imeenea mpaka kwenye mambo madogo kabisa. Mwenye duka akiishiwa na mkate hukwambia anaogopa kwamba mkate umekwisha, ingawa hakuna chochote anachokiogopa. Ndivyo wanavyosema wanapotamani jibu lingekuwa jingine. Kwenye vituo vya reli, sauti iliyorekodiwa hutangaza masikitiko yake kwamba treni imechelewa, kisha hutangaza yaleyale kwa treni inayofuata, kwa sauti ileile. Hapo, kusema kweli, masikitiko yamechakaa, nami siyapendi.

Hata hivyo nisingependa udhani kwamba yote ni maneno matupu, maana wodini nimeyaona yakifanya kazi kubwa. Madaktari na wauguzi huku hufundishwa kufikisha habari mbaya kama wanavyofundishwa kudunga sindano. Mojawapo ya taratibu zinazotumika sana ni ule wa hatua 6, uliochapishwa mwaka 2000 na wataalamu wa saratani wa Marekani na Kanada: kwanza kutafuta faragha na kuketi, kisha kumwuliza mtu anafahamu nini tayari, na angependa kuambiwa kiasi gani, ndipo habari yenyewe, kisha kuyapokea majonzi yake, na mwishoni kupanga naye la kufanya. Kabla ya habari kutamkwa, daktari husema sentensi moja ya kutahadharisha, kwamba anasikitika kuwa ana habari mbaya, kisha hunyamaza kidogo. Nimekuwamo katika chumba hicho kidogo chenye viti vichache na boksi la tishu mezani, nikamwona mama mmoja akiushika kwa nguvu mkono wa kiti mara tu aliposikia sentensi hiyo. Alikuwa amekwisha kuelewa, na maneno yaliyofuata yalimkuta amejishikilia.

Na hayo yanayofuata huwa wazi. Tunafundishwa kutaja kifo kwa jina lake, tusizunguke mbuyu, asije jamaa wa mgonjwa akadhani kwamba mtu wake amehamishiwa wodi nyingine. Nikikumbuka tulivyoitwa nyumbani Babu alipofariki, kila mmoja akiambiwa tu kwamba Babu amezidiwa na aje upesi, na ukweli tukaujua tulipoliona turubai limefungwa uani, siwezi kusema kwamba njia yetu ni mbaya. Ilimngoja kila mtu afike kwa watu wake kwanza. Njia ya huku humwambia mtu ukweli akiwa peke yake, mara nyingine mbele ya mgeni, na kwa hiyo mgeni huyo anahitaji neno la kumshika mkono kabla hajalitamka jambo lenyewe. Nadhani masikitiko yao mengi yamezaliwa na hitaji hilo.

Kuna upande wa sheria pia, nao nauona ni muhimu kwetu. Neno wanalolitumia kila siku, "sorry", hubeba pole na samahani kwa pamoja, na kwa sababu hiyo walikuwapo waliohofu kulitamka baada ya ajali au kosa la matibabu, mahakama isije ikalichukua kuwa ni kukiri. Mwaka 2006 Bunge lilipitisha Sheria ya Fidia, inayotumika England na Wales, ambayo inaeleza kwamba kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Hata hivyo kusikitika na kukubali deni vimebaki kuwa vitu viwili. Utakumbuka, Baba, tarehe 6 Juni 2013, William Hague, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alipolieleza Bunge kwamba Serikali ya Uingereza inasikitika kwa dhati kwa mateso waliyotendewa Wakenya wakati wa vita vya Mau Mau, na kwamba waathirika 5,228 watalipwa. Katika hotuba hiyohiyo alisema kwamba Serikali inaendelea kukana kuwa inawajibika kisheria. Wengi nyumbani walisikia msamaha ukiombwa, na mimi naona wazee wale walistahili kuombwa msamaha hasa, kwa neno lake.

Kwa hiyo nakuomba barua za kumwombea zisitumwe, kwani hapa zitaonekana kuwa ni shinikizo, wala hazitasomwa kwa heshima mliyoikusudia. Mdogo wangu aandike mwenyewe, mistari michache tu, ashukuru, aseme kwamba amesikitika kukosa, kisha aulize kama wanaweza kumweleza ombi lake lilipungukiwa wapi. Wakati mwingine hujibu na wakati mwingine hawajibu, lakini swali la namna hiyo linakubalika kabisa huku. Rasimu anitumie kwanza niipitie. Mwalimu mkuu umshukuru sana kwa niaba yangu, na umwombe maneno yake ayahifadhi kwa ajili ya maombi ya mwaka ujao, kwa maana barua ya mwalimu anayemfahamu mwanafunzi huwa na uzito inapoambatanishwa tangu mwanzo.

Jambo moja zaidi. Nilipozungumza na mdogo wangu niliisikia sauti yake, naye bado anatumaini. Ningependa aambiwe na wewe mwenyewe, mkiwa mmeketi, Mama akiwapo. Umweleze kwanza kwamba amekosa, na habari za sifa zake zifuate baadaye, akiwa tayari kuzisikia. Nitapiga simu Jumapili jioni nizungumze naye kuhusu vyuo vingine viwili ambavyo bado vinapokea maombi.

Wasalimie wote wanaoniulizia.

Ni mimi mwanao,
wa Leicester