Sensa ya spidomita ya baiskeli ya baba

Eindhoven, Uholanzi

Mdogo wangu Hamisi,

Habari za Tanga? Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanionea. Niamkie mama na shangazi.

Umesema spidomita yako inasoma kilomita 90 kwa saa wakati unaikokota tu baiskeli kwenda kwa fundi. Usiitupe hiyo sensa, kile kifaa kinachohisi sumaku kila tairi linapozunguka, ni nzima. Ndani mna kijichupa cha kioo chenye vibati viwili vyembamba; sumaku ikipita, vinagusana. Ila havitulii papo hapo, vinadundadunda kidogo, na Arduino yako, hiyo kompyuta ndogo inayoendesha spidomita, inahesabu kila mdundo kuwa mzunguko mzima. Dawa iko kwenye programu: ukishapata mguso mmoja, puuza mingine kwa milisekunde 60. Tairi la inchi 28 lina mzingo wa kama mita 2.2, kwa hiyo unachokikataa ni mwendo wa zaidi ya kilomita 130 kwa saa. Phoenix ya baba haifiki huko hata ukiiachia mteremko wote wa kutoka Lushoto mpaka Mombo bila breki!

Halafu angalia sumaku ya kwenye spoku inapita wapi. Ikipita katikati ya kijichupa, vibati vinaweza visigusane kabisa. Ipitishe usawa wa ncha yake moja, nafasi iwe milimita 3 hadi 5. Na ukinunua kijichupa kitupu, usikunje waya wake karibu na kioo. Ubane kwanza kwa koleo, kioo kisipasuke.

Kuhusu ile A3144, sensa ya kielektroniki ya kuhisi sumaku ambayo rafiki yako anaisifia: ni kweli haina kioo wala cha kudunda, matope na mchanga haviisumbui. Lakini inataka volti 4.5 kwenda juu, na wewe unatumia betri ya simu ya volti 3.7. Tena inakula umeme muda wote, hata baiskeli ikiwa imeegeshwa ukutani. Sumaku nayo ina upande wake. Ukiigeuza, sensa inanyamaza. Nyingine za jamii hiyo zikishawaka hazizimi mpaka zione ncha ya pili ya sumaku. Kwa sumaku moja utahangaika bure.

Za mwanga wa infraredi achana nazo. Kwa jua la Tanga zitapofuka mchana kweupe.

Kwa hiyo nakuchagulia ya kijichupa, ila iliyokwisha kufungwa kwenye plastiki, ile ya spidomita za dukani. Huku zinapatikana kwenye maduka ya vitu vya mitumba. Nimekununulia mbili pamoja na sumaku zake. Kuna mama mmoja wa huko anakuja likizo, nitampa akuletee. Ina waya mbili tu: mmoja kwenye pini ya Arduino, mwingine kwenye negativu, na uwashe kwenye programu pulapu ya ndani, yaani kikinza kinachoishikilia pini kwenye volti wakati vibati havijagusana.

Mzingo usiukisie. Piga chaki kwenye tairi, mtu akae juu, isukume mzunguko mmoja, upime chini kwa futi ya fundi cherehani. Nitumie hicho kipimo, na ile programu yako niipitie Jumapili.

Dada yako