Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Abiria wa meli ya usiku naye alale

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KIWANGO CHA UTULIVU KATIKA VYUMBA VYA ABIRIA WA MELI ZA USIKU

Kila meli ya usiku inapolinganishwa na ndege, kinachohesabiwa ni saa za safari. Ndege saa moja, meli saa kumi na moja, mjadala umekwisha. Hesabu hiyo inamsahau msafiri mwenyewe. Ndege ya saa kumi na mbili asubuhi humtaka abiria awe uwanjani saa kumi alfajiri, kwa hiyo ameamka saa nane na nusu usiku, na usingizi wake umeliwa kabla hajafunga mkanda. Anayepanda meli saa mbili usiku na kushuka saa moja asubuhi ametumia saa 11, lakini saba au nane kati ya hizo angezilala hata angebaki nyumbani.

Alimradi amelala kweli, na hapo ndipo penye tatizo. Meli ina jambo moja tu la kuishindia ndege, nalo ni kitanda. Tunaomba wizara yako iweke kiwango cha lazima cha kukilinda kitanda hicho, kwa sababu kanuni ya kimataifa ya kelele haikilindi.

Tangu tarehe 1 Julai 2014, Kanuni ya Kelele Melini ya Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO), azimio MSC.337(91), ni ya lazima kwa meli mpya za tani 1,600 za ujazo na zaidi. Chumba cha baharia kisizidi desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na kwenye meli ya tani 10,000 kwenda juu kisizidi 55. Ukuta wa chumba na chumba uzuie desibeli 35. Ukuta kati ya chumba na ukumbi wa burudani uzuie 45. Ni kanuni nzuri. Lakini yenyewe inatamka kwamba haikukusudiwa vyumba vya abiria, isipokuwa pale panapohesabika kuwa mahali pa kazi. Kwa hiyo ndani ya meli moja mpishi analala kwa ulinzi wa sheria, na aliyelipa nauli analala kwa bahati. Baadhi ya wenye meli hujaza pengo hilo kwa hiari, kwa kuomba cheti cha utulivu kutoka taasisi zinazokagua na kuweka meli katika madaraja. Wengine hawaombi, na hakuna anayewauliza.

Kuishinda ndege si kazi ngumu. Ndani ya ndege iliyo angani kelele huwa takriban desibeli 80 muda wote. Kutoka kiti hadi kiti cha mbele ni sentimita 71 hadi 81 katika daraja la kawaida. Shinikizo la hewa huruhusiwa kushuka hadi kulingana na la mlima wa mita 2,400, na unyevu wa hewa hupungua chini ya asilimia 20, ndiyo maana koo hukauka na macho huwasha. Chumba cha meli chenye desibeli 50, hewa ya usawa wa bahari na godoro la urefu wa mita mbili ni kitu kingine kabisa. Ila tunasema chumba. Abiria aliyeuziwa kiti cha kuegemea kwenye ukumbi wa meli hana anachomzidi nacho wa ndege, zaidi ya nafasi ya kutembea. Mradi wa Shirika la Afya Duniani uliotoa ripoti mwaka 2007 ulionyesha kwamba hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka takriban maradufu baada ya kukaa bila kujongea kwa saa nne au zaidi, na haijali kama kiti kiko angani, barabarani au relini. Kiti cha usiku kucha kisihesabiwe kuwa malazi katika leseni yoyote ya meli ya usiku.

Sasa chumba chenyewe. Kwanza ni tezi, yaani nyuma ya meli, juu ya rafadha, panga linalozunguka majini na kuisukuma meli. Rafadha yenye mapanga manne inayozunguka mara 150 kwa dakika hupiga maji chini ya mkuku mara 10 kwa sekunde, na kila pigo hupanda kwenye chuma. Ukitaka kulijua pigo hilo huhitaji chombo: weka bilauri kwenye rafu ya kioo iliyo juu ya sinki, usikie inavyotambaa yenyewe kuelekea ukingoni. Kiwango cha Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO), ISO 6954 cha mwaka 2000, kiliweka mipaka kwa vyumba vya abiria: mtikisiko ulio chini ya milimita 2 kwa sekunde haukutarajiwa kuleta malalamiko, na ulio juu ya 4 ulitarajiwa kuyaleta. Kiwango hicho kimeshabadilishwa na ISO 20283-5, lakini namba mbili hizo bado zinamfaa mkaguzi anayetaka jibu la haraka. Mara nyingi tiba ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Kingo za mapanga zilizoliwa au kupindika huongeza mtikisiko, na hurekebishwa meli ikiwa chelezoni, pale inapotolewa majini kwa matengenezo. Pia kuna mizunguko fulani ya injini ambayo sakafu huitikia vibaya. Kupunguza au kuongeza mizunguko michache tu hutuliza sitaha nzima. Wahandisi wa kila meli wanaijua namba yao. Iandikwe kwenye maagizo ya usiku.

Pili ni sitaha ya magari. Vyumba vilivyo juu yake hupokea malori ya majokofu yanayoendesha mota zao za dizeli kwa sababu soketi za umeme hazitoshi, minyororo ya kufungia isiyokazwa sawasawa inayogonga kila chombo kiendapo mrama, na ving'ora vya magari madogo vinavyohisi mtikiso na kulia hadi betri ichoke. Vyote vitatu humalizwa bandarini kabla ya kung'oa nanga: soketi ya kila lori la jokofu, duru ya pili ya kukaza minyororo, na mtu mlangoni anayemwambia kila dereva azime king'ora kabla hajafunga gari.

Tatu ni omo, yaani mbele ya meli. Huko ni kimya karibu safari nzima, mpaka meli inapoingia gatini na rafadha za ubavuni, zinazoisukuma kando, kuwashwa. Aliyelala juu yake huamka akidhani chombo kimepanda mwamba. Dawa yake ni ramani: wauza tiketi waonyeshe kila chumba kiko wapi, na vya omo wapewe wanaoshuka mapema.

Tunakuja kwenye kichefuchefu, ambako ndege inashinda na hakuna haja ya kubisha. Misukosuko ya hewa ni ya dakika chache, lakini mawimbi ni ya usiku kucha. Mwili huchafuka zaidi unapopandishwa na kushushwa polepole, mzunguko mmoja kila sekunde 4 hadi 8, na hicho ndicho kipimo cha meli katika bahari iliyochafuka. Kiwango cha ISO 2631-1 cha mwaka 1997 kinatoa njia ya kukadiria: chukua mchapuko wa wima (yaani jinsi mwendo wa kupanda na kushuka unavyobadilika kwa ghafla), zidisha kwa kipeuo cha pili cha muda kwa sekunde, gawa kwa 3; jibu ni asilimia ya watu wazima wasioizoea bahari watakaotapika. Tufanye hesabu. Omo ikiinuka na kuzama kwa nyuzi 1 kila upande, mzunguko wa sekunde 7, chumba kilicho mita 60 kutoka katikati ya meli kitapata mchapuko wa takriban mita 0.6 kwa sekunde kwa sekunde. Kilicho mita 10 kutoka katikati kitapata 0.1. Kwa saa sita, kipeuo ni 147. Huko mbali watatapika watu 29 kati ya 100, na katikati 5, meli ni ileile na bahari ni ileile. Halafu chumba cha omo chenye dirisha kubwa mara nyingi ndicho kinachouzwa ghali.

Hesabu hiyohiyo inasema jambo ambalo ratiba nyingi hazilisikii. Ukipunguza mchapuko nusu, wagonjwa wanapungua nusu. Ukipunguza muda nusu, wanapungua asilimia 29 tu. Nahodha anayekaza mwendo usoni mwa mawimbi ili "awahi kuwatoa watu" anawaumiza zaidi. Aruhusiwe kupinda njia na kuchelewa, na mwenye meli asitozwe faini ya kuchelewa kwa usiku ambao hali ya bahari iliyorekodiwa kwenye kitabu cha safari inaonyesha alikuwa na sababu.

Na mapezi ya kutuliza mrama, yale mabawa yanayochomoza ubavuni chini ya maji? Yanafanya kazi, lakini kwa mrama wa ubavu kwa ubavu peke yake. Omo inayopanda na kushuka hayaigusi. Tena nguvu yake inafuata mwendo kwa mraba. Meli iliyopunguza kutoka maili 20 za baharini kwa saa hadi 12 imebaki na asilimia 36 tu ya nguvu ya mapezi. Ndiyo maana abiria wengi hulala vizuri hadi saa tisa usiku, kisha huamka na kuanza kuugua: chombo kimepunguza mwendo kusubiri gati lifunguliwe asubuhi. Hili haliko mikononi mwa mwenye meli peke yake. Bandari ndiyo inayopanga gati. Meli ikiruhusiwa kufunga gati saa kumi na moja alfajiri na abiria wakaendelea kulala hadi saa moja na nusu, hizo ni saa mbili na nusu za kitanda kisichotikisika, kitu ambacho ndege haiwezi kukitoa kwa nauli yoyote.

Kero ya kugongewa mlango inaangukia hapo hapo. Wahudumu hubisha saa moja au zaidi kabla ya kufika ili wakusanye mashuka, kwa sababu muda wa kuigeuza meli ni mfupi na vyumba ni mamia. Wasilaumiwe wahudumu. Jozi ya pili ya mashuka kwa kila kitanda, na timu ya nchi kavu inayopanda meli ikifunga, humaliza haja hiyo.

Matangazo ya spika yanahitaji aya yake kwa sababu kila ukigusa suala hili utaambiwa ni usalama. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini (SOLAS) unataka maelezo ya usalama yatolewe mara tu kabla au baada ya meli kuondoka. Kanuni za vifaa vya uokoaji zinataka king'ora cha dharura kisikike kwenye mto wa kulalia, pale kichwa kinapolala, kwa angalau desibeli 75 na kizidi kelele za kawaida kwa angalau 10. Hayo yabaki kama yalivyo, bila kupunguzwa hata chembe. Lakini saa za mgahawa, bei za duka na bahati nasibu havimo katika mkataba wowote. Mfumo wa spika unaweza kugawanywa: tangazo la kawaida liende kumbini na sitahani tu, la dharura lipite kila swichi na kila kitufe cha kupunguza sauti. Kuanzia saa nne usiku hadi nusu saa kabla ya kufunga gati, vyumbani ipite dharura peke yake.

Madogo yapo pia, na mkaguzi aliyepanga kukagua boti za uokoaji anaweza kuyatazama njiani. Mlango wa ukorido unaojibamiza umeishiwa mafuta kwenye kifaa cha kuufunga taratibu. Hanga za chuma zinazogongana kabatini hunyamazishwa na kipande cha mpira. Harufu ya choo katika chumba kilichokaa bila mgeni si uchafu. Ni maji yaliyokauka kwenye mtego wa bomba la sakafuni, na lita moja ikimiminwa hapo inaiziba.

Mheshimiwa, gharama kubwa iko kwenye soketi na mashuka. Mengine ni maagizo. Kabla ya kuandika kanuni yoyote, mtume afisa mmoja mwenye kipima sauti kilichohakikiwa asafiri kama abiria wa kawaida, chumba cha chini, upande wa tezi. Saa tisa usiku afunge mlango, aache kiyoyozi kikiwaka kama kilivyo, akiweke kipimo juu ya mto na akisome kwa dakika moja. Arudie katikati ya meli, kisha omo wakati wa kufunga gati. Namba hizo tatu zibandikwe pale tiketi zinapouzwa.

Wako katika ujenzi wa usafiri,

Sisi tunaopima kelele na mitikisiko katika meli za abiria