Barua kwa Mama Glory: sehemu isiyo na muziki

Kiboriloni, Moshi

Mama Glory mpendwa,

Habari za Arusha, na baridi ya huko? Sisi tuko salama, Mungu anatusaidia. Juzi kwenye simu nilishindwa kukueleza, nikawa naanza kulia, nawe ukadhani tumefiwa. Hatujafiwa. Ni ile tamthilia ya *Buffy the Vampire Slayer*. Nimefika msimu wa 5, sehemu ya 16, inayoitwa "The Body". Marekani ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 27 Februari 2001, nami nimeipata sasa, na tangu niione siachi kuiwaza.

Hadithi unaijua. Binti ana nguvu zisizo za kawaida, usiku anapambana na wanyonya damu na mashetani. Humo wafu wanatoka makaburini, na Buffy mwenyewe aliwahi kufa maji akazinduliwa. Kwa hiyo sisi watazamaji tumeshazoeshwa kwamba kifo kina njia ya kukizunguka. Halafu anakufa mama yake, Joyce, na hakuna jini wala mchawi aliyemuua. Alifanyiwa upasuaji wa uvimbe kichwani, akapata nafuu, tukafurahi naye. Kisha mshipa wa damu ukapasuka kichwani akiwa peke yake nyumbani. Buffy anaingia, anaona maua aliyoletewa mama, anaita kwa furaha, anamkuta kwenye kochi macho yako wazi. Anaita tena. Mara ya mwisho sauti imegeuka, anaita kama mtoto wa miaka minne.

Kuanzia hapo, Mama Glory, hakuna muziki. Ukiacha ule wa mwanzo wa tamthilia, hakuna hata noti moja ya kukuambia sasa huzunika, sasa pumua. Unasikia nyayo, simu, pumzi za mtu. Buffy anamkandamiza mama kifua kama anavyoelekezwa kwenye simu, na ubavu unavunjika. Mikono iliyowashinda mashetani wote wale haiwezi kitu, na hapa inaumiza. Kuna dakika moja tunaonyeshwa mama amezinduka, yuko kwenye gari la wagonjwa, kisha yuko hospitalini anaongea, binti zake wako naye. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Mara tunarudishwa sebuleni, hajaamka.

Wahudumu wakishaondoka, Buffy anatapika zuliani, anachukua karatasi ya jikoni anafunika pale. Anafungua mlango wa nyuma, nje watoto wanacheza, jua linawaka, jirani hana habari. Mimi hapo ndipo nilipokwama. Sisi msiba ukitokea, muda si muda uwanja umejaa: vijana wanafunga maturubai, akina mama wako kwenye masufuria, wazee wamekaa kikao, mtu anapigia simu ndugu walioko Dar. Namshukuru Mungu kwa desturi hiyo, imenibeba mimi na wewe pia. Lakini kuna zile dakika kabla jirani wa kwanza hajafika, wewe na maiti tu ndani ya nyumba. Hizo hatuzisimulii. Kwenye matanga tunaeleza marehemu aliugua vipi, alisema nini mwisho, basi. Hii tamthilia imekaa ndani ya dakika hizo bila kuharakisha.

Mdogo wake Buffy, Dawn, anapewa habari shuleni. Tunaangalia tukiwa darasani pamoja na wenzake, kioo kiko katikati, hatusikii maneno. Tunaona tu mtoto anaanguka chini. Wanaotafsiri kanda vibandani wangenyamaza hapo, hakuna cha kutafsiri.

Halafu kuna Anya, mmoja wa kundi la Buffy, ambaye alikuwa shetani zaidi ya miaka elfu kabla ya kuwa binadamu tena. Anauliza maswali yanayowaudhi wenzake: maiti itapasuliwa? Sisi tufanye nini? Anakaripiwa. Ndipo analia, anasema haelewi kwa nini Joyce hawezi kuurudia mwili wake, kwa nini hatakula tena mayai, hatapiga miayo, hatachana nywele. Nilimkumbuka mtoto wa kaka yangu tulipomzika baba kule Kibosho, pale kwenye migomba. Aliuliza babu atakunywa wapi chai, mtu mzima mmoja akamwambia anyamaze. Lilikuwa swali la haki kuliko hotuba zote za siku ile. Emma Caulfield, anayemwigiza Anya, amecheza hapo kwa namna ambayo ningempa mkono nikimwona.

Najua utaniuliza kuhusu mnyonya damu anayeamka mochwari mwishoni. Wapo wanaoona hakustahili kuwemo kwenye huzuni ile. Mimi nasema anastahili kabisa. Yeye anaamka, mama haamki, vyote chumba kimoja. Buffy anamaliza ile kazi aliyoizoea, kwa kupigana ovyo, bila ushujaa wowote, na haimsaidii kitu. Dawn anauliza mama ameenda wapi, ananyoosha kidole amguse, picha inakatika kabla hajamfikia.

Aliyeandika na kuongoza, Joss Whedon, naye alifiwa na mama yake kwa mshipa kupasuka kichwani. Unaona kabisa huyu hakuhadithiwa.

Itafute, lakini usiiangalie na Glory, bado mdogo. Wala usianzie hapo. Angalia kwanza zile sehemu za Joyce hospitalini ili umpende. Na umsikilize Tara, rafiki yao mwingine, anapoulizwa kama kifo cha mama yake mwenyewe kilikuwa cha ghafla: anasema hapana, kisha anasema ndiyo. Mama yako aliugua muda mrefu, wewe ndiye utakayenieleza kama amesema kweli. Ukimaliza nipigie hata kama ni usiku.

Msalimie Baba Glory na watoto.

Wako,
Mama Ima