Barua kwa vijana wetu wa pande zote mbili za mto Snake

Wanangu mlioko Portland, Salem na Ontario jimboni Oregon, nanyi wa Nampa na Boise jimboni Idaho, nawasalimu.

Siku ya ile harusi mliniona nimekaa kimya, nanyi mkadhani mzee amechoka. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nawasikiliza. Mmoja aliyetoka Portland alisema wakulima wa mashariki ya Oregon ni washamba, waacheni waende zao. Mwingine wa hapa Nampa akamjibu kwamba watu wa Portland wameharibu jimbo zima, na mpaka wa Oregon na Idaho ukihamishwa kila mtu atapumua. Mkapaza sauti hadi mama wa bibi harusi akasimama katikati yenu. Ninyi wawili mlikulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, mkichota maji bomba moja. Ndiyo maana nimeamua kuandika, tena hadharani, kwa sababu najua si ninyi wawili tu mnaogombana kuhusu jambo hili.

Tuanze na jambo lenyewe, maana wengi mnalijua kwa picha za kwenye simu tu. Tangu 2020 hadi 2024, kaunti 13 za mashariki ya Oregon zimepiga kura kuunga mkono wazo linaloitwa Idaho Kubwa: mpaka usogezwe magharibi, nazo ziwe chini ya Boise, makao makuu ya Idaho, badala ya Salem, makao makuu ya Oregon. Lakini someni maswali waliyoulizwa wapiga kura. Mengi yaliwataka tu viongozi wa kaunti wakutane mara kadhaa kwa mwaka kulizungumzia jambo hilo. Mpaka wenyewe hausogei mpaka bunge la Oregon likubali, bunge la Idaho likubali, na Kongresi, bunge la taifa zima, iridhie. Ndivyo katiba ya Marekani inavyosema. Mwaka 2023 baraza la wawakilishi la Idaho liliunga mkono kuanza mazungumzo. Salem haijakubali. Basi mligombania kitu ambacho bado ni maombi.

Sasa nawaambia ninyi wa Portland. Mimi nimesimama misimu 4 kwenye mkanda wa kuchambulia vitunguu karibu na Ontario. Ukishinda pale, macho yanawasha, na vumbi la maganda linaingia hadi kwenye soksi. Mwenye shamba alikuja kila asubuhi, akachukua kitunguu kimoja, akakibinya shingoni kuona kama kimekauka, akakirudisha. Saa ya ukutani ilifuata saa za Boise, kwa sababu karibu kaunti yote ya Malheur hufuata saa za huko, si za Portland. Hospitali kubwa, uwanja wa ndege, soko, vyote viko Boise, mwendo wa kama saa moja. Salem ni zaidi ya saa sita barabarani. Mzee yule hakuwa mjinga hata kidogo. Alichoniambia ni kwamba kila uchaguzi anapiga kura, na kila mara mabonde ya magharibi yenye watu wengi yanaamua kuhusu bunduki, mafuta ya dizeli na misitu, yeye akibaki mtazamaji. Mwaka 2019 maseneta wa Oregon wa chama cha Republican walitoroka bungeni ili akidi isitimie na muswada wa hewa ya ukaa ukwame. Sikupendezwa na njia hiyo, lakini ilinionyesha jinsi watu wanavyokuwa wanapoona hawana mlango mwingine. Ukimwita mtu huyo mshamba, umemthibitishia kila alichokuwa anakihisi.

Nanyi wa Nampa, msifurahi mapema. Kuna mama mmoja wa kwetu anayekaa Fruitland, upande wa Idaho. Kila alfajiri anavuka daraja kwenda kazini Oregon. Anavuka kwa sababu kima cha chini cha mshahara Idaho ni dola 7.25 kwa saa, na ng'ambo ya mto, hata katika kaunti za vijijini, kimepita dola 13. Mpaka ukihama, sheria inayomlinda inahama nao, na kitakachobaki ni huruma ya mwajiri. Oregon haina kodi ya mauzo, Idaho inayo, asilimia 6. Maduka ya bangi ya Ontario yanaishi kwa magari yenye namba za Idaho, kwa kuwa bangi ni halali Oregon na ni marufuku Idaho. Hilo mimi silisikitikii, ila kuna watu wanaolipwa mshahara pale, na mji unategemea kodi yake. Na anayelalamika kwamba serikali kuu inashika ardhi kubwa mno, ajue kwamba Idaho nayo zaidi ya nusu ya ardhi yake ni ya serikali hiyo hiyo.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni Wallowa. Mwaka 2020 kaunti ile ilikataa. Mwaka 2023 ikakubali, kwa tofauti ya kura 7. Kura saba, wanangu! Karibu nusu ya watu wale wangechukuliwa kwenda jimbo wasilolitaka, kisha wao ndio wangekuwa wakipiga kura kila mwaka bila kusikilizwa. Malalamiko ya yule mkulima wangu yangekuwa yamehamia nyumba ya jirani yake.

Haya nayasema kwa sababu nayajua. Nilizaliwa Kalemie, Kongo, ikiitwa bado Albertville. Mwaka 1960 Katanga, mkoa wetu, ilipotangaza kujitenga na Kongo, sisi wa kaskazini hatukuulizwa, na wengi wetu hatukutaka. Mwaka 2015 Katanga ikakatwa vipande vinne. Mdogo wangu alinipigia simu akicheka kwa furaha: sasa gavana yuko hapa hapa Kalemie, hatusafiri tena hadi Lubumbashi! Nami nilifurahi naye. Lakini shaba ilibaki kusini, Kolwezi na Lubumbashi, pamoja na kodi zake. Makao ya serikali yalisogea karibu, mfuko ukabaki mbali.

Mimi sioni sababu ya mpaka kusogezwa, na sifichi. Ila wale wakulima wana haki ya kusikilizwa Salem. Mlio raia wa Oregon, pigeni simu kwa mbunge wenu mumuulize lini alifika Burns au Ontario, miji ya mashariki, mara ya mwisho. Mlio Idaho, mtu akiwaletea karatasi ya kusaini, isomeni yote kabla ya kuweka jina. Nanyi wawili wa harusini, Jumapili baada ya ibada mama anapika ugali na samaki. Njooni pamoja, katika gari moja.

Mzee wenu,
Nampa, Idaho