Malalamiko: Printa yangu ni nzima, ruta yenu ndo inazuia vifaa visionane

Kwa Idara ya Huduma kwa Wateja, tawi la Moshi

Habari za kazi.

Mimi ni mteja wenu wa intaneti ya faiba hapa Soweto, Moshi, nina kasteshenari kadogo nyumbani, chumba cha mbele kinachotazama barabara, natoa kopi, naprinti, naskani, vijana wanakuja kujaza fomu za mkopo wa HESLB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo, na maombi ya ajira, na jioni walimu wa shule za jirani wanaleta mitihani kwenye flashi au wananitumia WhatsApp. Naanza na hilo kwa sababu kijana wenu mmoja kwenye simu alinijibu "mama printa ya nyumbani hiyo, haina haraka", sasa kwangu haraka ipo, hiyo printa ndo inalipa bili yenu kila mwezi.

Malalamiko yangu ni haya. Nyie wenyewe mlikuja kubadilisha ruta, mkasema hii mpya ina spidi kuliko ile ya zamani, sikuwa nimeomba lakini nikasema sawa, spidi nani anaikataa. Na kweli spidi ipo, video zinafunguka bila kuzunguka, hapo siwadai kitu. Ila tangu siku fundi wenu alipofunga hiyo ruta, printa haionekani tena kwenye laptopu wala kwenye simu. Kwenye laptopu inaandika oflaini, kwenye simu inatafuta weee mpaka inachoka. Na printa yenyewe iko kwenye waifai ileile, taa ya buluu imetulia, haichezi wala nini. Ruta ya zamani hivi vitu vyote vilikuwa vinaongea bila shida, printa ileile, laptopu ileile, nyumba ileile, kilichobadilika ni ruta yenu tu.

Nikawapigia. Jibu la kwanza zima uwashe. Nikazima nikawasha. La pili futa drayva, ile programu ya printa kwenye laptopu, uweke upya, nikafuta nikaweka. Alafu dada mmoja akaniambia kwa upole kabisa "mama hiyo printa itakuwa imekufa, jaribu kununua mpya". Jamani. Printa iliyokufa inatoaje kopi? Naweka kitambulisho cha mtu kwenye kioo, nabonyeza kitufe, kopi inatoka safi nyeusi tii. Nikichomeka kebo ya USB kwenye laptopu inaprinti mpaka rangi. Haijafa, inachokosa ni njia ya kufikiwa kupitia waifai yenu, na hilo nilimweleza, akasema "sawa mama nimeandika", sijui aliandika wapi.

Baada ya hapo nikamwita kijana mmoja fundi kompyuta wa hapa Mbuyuni, nikamlipa elfu ishirini ya kwangu, na yeye ndo alinionyesha kitu ambacho nyie mlitakiwa kunionyesha siku ya kwanza. Naandika alichofanya hatua kwa hatua ili fundi wenu akisoma asiniambie ni maneno ya mtaani.

Alianza kwa kuprinti ile karatasi ya taarifa za mtandao kutoka kwenye printa yenyewe, ipo kwenye menyu yake. Karatasi ikaonyesha printa imepewa anwani, ile namba ya kifaa kwenye mtandao, 192.168.1.7. Laptopu akaikuta ina 192.168.1.12. Akasema mama hapa vyote viko mtandao mmoja, na kama printa ingekuwa haijapata anwani kutoka kwenye ruta tungeona namba inayoanza na 169.254, kwaiyo waifai imeipokea vizuri tu. Akafungua ile dirisha nyeusi kwenye laptopu akaipigia ruta, yani kuiita aone kama inajibu, 192.168.1.1, ikajibu palepale. Akaipigia printa, 192.168.1.7, ikarudisha kwamba haifikiki, mara zote. Akaingia kwenye ukurasa wa ruta, ile sehemu ndogo mliyotuachia wateja, na humo orodha ya vifaa inaonyesha printa ipo na laptopu ipo. Yani ruta inaviona vyote viwili, ila vyenyewe havionani.

Kisha akachukua kebo ya mtandao akaunganisha laptopu moja kwa moja kwenye tundu la nyuma la ruta, akazima waifai ya laptopu. Akatuma ukurasa. Printa ikaanza kunguruma ikatoa karatasi. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni nikasema heee. Akachomoa kebo, akarudisha waifai, akatuma tena, kimya. Akachomeka, ikatoka. Ili asibaki na wasiwasi akawasha hotspoti ya simu yake, akaingiza printa na laptopu humo, ruta yenu ikawa nje kabisa ya habari, na yenyewe ikaprinti bila kubembelezwa.

Sasa mtu yeyote anayejua kazi hii akiona laptopu ya kebo inaifikia printa, laptopu ya waifai haiifikii, na kwenye hotspoti vyote vinaelewana, anajua tatizo liko wapi. Kwenye ruta yenu imewashwa ile setingi ya kutenganisha vifaa vya waifai, kwenye ruta nyingine inaandikwa AP Isolation, nyingine Client Isolation. Ikiwashwa kila kifaa kinapata intaneti lakini hakiruhusiwi kuongea na kifaa kingine cha waifai, ni kama wapangaji wa nyumba moja ambao kila mmoja ana ufunguo wa geti ila wamekatazwa kugonga mlango wa jirani. Sio setingi mbaya, ina mahali pake. Hoteli za hapa mjini wageni wanaosubiri kupanda mlima wote wako kwenye waifai moja na hawajuani, ni sahihi kabisa simu ya huyu isione laptopu ya yule. Lakini nyumbani kwa mtu? Vifaa vyote ni vyangu, nimevinunua mwenyewe, mnanilinda na nani, na printa yangu?

Ningeizima mwenyewe nisingewasumbua. Ila ukurasa mliotuachia una kubadilisha jina la waifai na paswedi basi, sehemu nyingine zote mmezifunga kwa paswedi ya juu mnayoijua nyie. Nikaomba hiyo paswedi mkasema sera ya kampuni hairuhusu. Sawa, sera nimeielewa, sijalazimisha. Nikasema basi zimeni nyie kutoka hukohuko ofisini maana mnaweza, siku ya kufunga fundi wenu alisema mwenyewe kwamba ruta mnaifikia mkiwa mbali na mnaweza kuisetia. Nikajibiwa "hilo suala la printa sio huduma yetu, sisi tunatoa intaneti". Hapa ndo nilipokasirika kweli. Sijawaomba mtengeneze printa. Sijawaomba wino. Nimeomba mfungue kitu mlichokifunga nyie, kwenye kifaa chenu, ambacho mmenizuia nisikiguse.

Na kuna mambo mawili mengine lazima niyaseme maana yanaweza kumuumiza mteja asiye na mtu wa kumuuliza.

La kwanza, fundi wenu alipokuja akaihamishia printa kwenye ile waifai ya wageni, eti kwa sababu printa yangu inashika masafa ya waifai ya 2.4 GHz peke yake na ile ya wageni iko kwenye 2.4. Ni kweli printa nyingi za bei hizi zetu hazishiki 5 GHz, hapo hajakosea. Lakini waifai ya wageni kazi yake ndo hiyohiyo ya kumweka mgeni mbali na vifaa vya mwenye nyumba, sasa ukiweka printa kule unategemea laptopu iliyoko huku iione vipi? Kaondoka kaandika kwenye karatasi yake "tatizo limetatuliwa" nikasaini maana alikuwa na haraka na mimi nina wateja mlangoni. Hiyo saini msiitumie kama ushahidi, tafadhali, alivyoondoka haikutoka hata karatasi moja.

La pili ndo baya zaidi. Kijana wenu mwingine wa kwenye simu alivyosikia nina kompyuta ya mezani pia, akaniambia niunganishe printa kwa USB kwenye hiyo kompyuta alafu niishee, yani laptopu iitumie kupitia kompyuta hiyo. Nikajaribu, ikagoma na ile kodi ya hitilafu ya Windows, 0x0000011b. Akanitumia maelekezo ya kutoa apdeti ya usalama ya Windows, na kuzima faya-woli, ule ukuta wa ulinzi wa kompyuta, "kwa muda". Fundi wa Mbuyuni alipoona huo ujumbe alishika kichwa. Akanieleza kwamba hiyo kodi ilianza kusumbua watu baada ya apdeti za Septemba 2021, kipindi Microsoft wanaziba matundu kwenye mfumo wa kuprinti, na miezi miwili kabla, Julai, kulikuwa na lile tundu kubwa walilolipa jina PrintNightmare ambalo mtu wa nje angeweza kupitia akaitawala kompyuta yako. Sasa mimi kwenye hiyo kompyuta nina vitambulisho vya watu, vyeti vya watoto wa watu, namba za NIDA, ndo mnaniambia nitoe ulinzi ili niprinti? Alafu printa yenye waifai yake wala haihitaji kupitia kompyuta nyingine, kompyuta ya kati ikizimwa hakuna anayeprinti, nitakuwa nimeongeza tatizo juu ya tatizo. Mafundisho kama hayo msiwape wateja.

Hivi saivi naishije. Laptopu nimeifunga kwa kebo ndefu inayotoka sebuleni, maana ruta mliiweka juu karibu na pazia kule kule mnakojua nyie, kebo inapita koridoni mpaka chumba cha mbele, kila anayepita anaiinulia mguu na mtoto wa dada yangu alishajikwaa nayo. Na hiyo inasaidia laptopu tu. Simu haina tundu la kebo. Mwalimu ananitumia mtihani WhatsApp, zamani nilikuwa nabonyeza printi kwenye simu imeisha, leo nautuma kwenye baruapepe, naufungua kwenye laptopu, ndo niuprinti. Wakiwa watu wawili sawa. Msimu wa fomu za mkopo wanakuja wanafunzi wengi kwa pamoja, kila mmoja ana fomu ya kuprinti aipeleke serikali ya mtaa na kwa wakili akasainiwe, wakiona foleni haisogei wanaondoka wanaenda mjini, na akishajua njia ya mjini huyo harudi. Hiyo hasara siwezi kuwaletea risiti yake lakini ipo.

Kwaiyo naomba yafuatayo, na naomba msiyajibu kwa "tumepokea malalamiko yako".

Zimeni hiyo setingi ya kutenganisha vifaa kwenye waifai yangu kuu, mnaweza kuifanya leo mkiwa mmekaa. Ya wageni iacheni ilivyo, pale inafaa. Mkiwa humohumo, iwekeeni printa anwani ya kudumu, hiyo 192.168.1.7 inatosha, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi, na Moshi mnajua unavyokatika, ruta inaweza kuigawa upya, laptopu inabaki inaitafuta printa kwenye namba ya zamani na tunarudi tena kwenye oflaini. Alafu hakikisheni mkisukuma apdeti ya ruta usiku hizo setingi hazirudi zilivyokuwa, nimesikia wateja wenu wengine wanalalamika vitu vyao vinajifuta vyenyewe. Kama hamuwezi kuhakikisha hilo basi nipeni ruhusa ya kuweka ruta yangu mwenyewe na ya kwenu ibaki kuleta intaneti tu, ila muisetie vizuri isije ikatengeneza mtandao mwingine juu ya mtandao, printa ikabaki huku na laptopu kule, tukaanza upya.

Pia naomba ile elfu ishirini niliyomlipa fundi mnikatie kwenye bili ya mwezi ujao. Kazi aliyofanya ilikuwa ni ya kwenu. Na hao vijana wa kwenye simu wafundisheni swali moja tu la kuanza nalo, mteja akisema printa haionekani waulize "ukiunganisha laptopu kwa kebo kwenye ruta inaprinti?", jibu la hapo linawaambia nusu ya habari kabla hamjamtuma mtu kununua printa mpya.

Nimeambiwa utaratibu ni kuanza na mtoa huduma mwenyewe, ndo maana naandika kwenu kwanza na kwa maandishi. Nisipopata suluhisho naipeleka barua hii hivihivi TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini ipo hapo Arusha, sio mbali. Sipendi kufika huko, intaneti yenu yenyewe naipenda na jirani zangu wawili wamejiunga kwa sababu yangu.

Nimeambatanisha picha ya karatasi ya printa yenye anwani, picha ya orodha ya vifaa kwenye ukurasa wa ruta, na kapicha ka ule ujumbe wa kutoa apdeti. Namba ya akaunti yangu iko kwenye bili niliyoweka pia. Nijibuni kwa baruapepe, kwenye simu kila siku napokelewa na mtu mwingine naanza kueleza upya. Na kama ni lazima mtu aje, aje asubuhi kabla ya saa nne, awe na hiyo paswedi ya juu mkononi, na asiondoke mpaka karatasi imetoka kutoka kwenye simu yangu.

Wenu,
Mama mwenye steshenari, Soweto, Moshi